Michezo ya Hadithi Mezani: Tulete Ipi Nyumbani?



Ndugu msomaji, kila shule zinapokaribia kufungwa wazazi hutuuliza swali moja kwa namna nyingi: watoto watafanya nini nyumbani? Madrasa ina saa zake na kazi za nyumbani zina saa zake, lakini baada ya hapo hubaki jioni ndefu ambazo simu huzimeza zote. Wapo wanaotueleza kuwa vijana wao wameanza kubashiri matokeo ya mechi kwa fedha walizopewa za nauli. Wapo wenye watoto wanaokula chakula cha usiku wakiwa wameinamia kioo cha simu, wakainuka bila kutamka neno. Wiki hii tunapenda kuzungumzia dawa moja ambayo wasomaji wachache wameisikia, na wengi kati ya hao wameisikia kwa sifa mbaya. Nayo ni michezo ya mezani ya kuigiza wahusika.

Mchezo wenyewe ukoje

Watu watatu hadi sita huketi pamoja. Kwa kawaida mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki humchukua mhusika mmoja wa hadithi awe wake. Msimulizi hueleza mahali na hali, kisha huuliza, "Unafanya nini?" Mchezaji hujibu, na jibu lake huigeuza hadithi. Hakuna anayejua mwisho, hata msimulizi mwenyewe.

Wazee wetu walianza ngano kwa kusema "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!" Baada ya kuitika tulinyamaza na kusikiliza, na sungura akamdanganya fisi vilevile usiku baada ya usiku. Katika michezo hii mtoto aliyeitika anaruhusiwa kuingia ndani ya ngano na kumzuia sungura njiani.

Tutoe mfano. Msimulizi anasema: "Jahazi limepasuka ubavu, maji yanaingia, na pwani iko mbali. Ndani mna magunia ya mchele ya tajiri mmoja, na mna mzee mgonjwa asiyejua kuogelea. Mnafanya nini?" Mtoto wa kwanza anataka magunia yatupwe baharini. Wa pili, ambaye katika hadithi ndiye aliyekabidhiwa magunia hayo, anapinga: ni amana. Wa tatu anauliza kama kipande cha tanga kinaweza kuzibia ufa. Hapo mchezo umekwisha kuanza, na watoto watatu wanajadili amana, dharura na uhai wa mtu bila ya kuambiwa kuwa wamo darasani.

Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo uliochipuka kutoka katika michezo ya vita ya vikaragosi vya askari. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wazazi wa Kikristo nchini humo waliupiga vita wakiuona kuwa mlango wa uchawi. Mchezo haukufa. Leo iko mamia ya michezo ya aina hiyo, ya kila fani: ngano za watoto, safari, historia, mambo ya anga, upelelezi, vitisho, hata posa na barua. Kwa sababu hiyo mzazi anayeuliza kama "mchezo huo" unafaa hawezi kupata jibu moja. Inampasa aulize: mchezo upi, kwa mtoto yupi, na nani ameketi naye mezani?

Suala la dadu

Michezo mingi ya fani hii hutumia dadu. Mhusika akitaka kuruka mtaro au kumshawishi mlinzi, mchezaji hurusha dadu, na namba itakayotokea ndiyo huamua kama amefaulu. Hapa familia ya Kiislamu haina budi kusimama kidogo.

Katazo la mchezo wa nardi, ambao ni mchezo wa dadu, limo katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim katika Sahihi yake. Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho, anaeleza kuwa hadithi hiyo ni hoja ya Imam Shafi'i na jumhuri ya wanazuoni katika kuuharamisha, kisha anamtaja Abu Ishaq al-Marwazi, mwanachuoni wa Kishafi'i, aliyeona kuwa ni karaha na haufikii haramu. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu hiyo huweka mpaka kati ya mchezo unaotegemea hesabu na fikra, na mchezo unaotegemea kubahatisha. Katika mjadala huo ndimo unamotajwa hata mchezo wa vishimo na kokoto, ndugu wa bao letu.

Mtu anaweza kusema kuwa katika michezo hii dadu haiamui mshindi, kwa kuwa hakuna mshindi, wala hakuna fedha mezani. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye kuitaka hukumu yake ampelekee sheikh wake. Sisi katika safu hii tumechagua njia nyepesi zaidi. Mafakihi wametufundisha kuwa kujitoa katika khilafu ni jambo linalopendeza, na kwa bahati nzuri iko michezo mizuri sana isiyorusha dadu kabisa. Hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwanza.

Suala la uchawi na miungu ya kubuni

Jambo la pili linalowatia wazazi hofu ni uchawi. Mingi ya michezo hii ina wachawi, na mingine ina miungu ya kubuni ambayo wahusika huitumikia. Kwa mtu mzima hilo ni hadithi tu. Kwa mtoto wa miaka 8 ambaye bado anajenga misingi ya tauhidi, hatuoni haja ya kumpa mhusika anayeomba msaada kwa asiyekuwa Allah, hata kwa kuigiza.

Lakini tusichanganye mambo. Sungura asemaye ni ngano, na watoto wetu wanalijua hilo kama tulivyolijua sisi. Tena uzuri wa michezo hii ni kwamba kitabu hakikufungi: kilichomo humo kikikukera, unakiondoa, na hadithi inaendelea. Filamu haikupi ruhusa hiyo, wala mchezo wa simu haukupi.

Sasa tuitazame michezo yenyewe, fani kwa fani. Vitabu vyake vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na huuzwa pia kama faili la kusomwa kwenye simu au kompyuta. Inatosha mmoja nyumbani asome na kuelewa kanuni. Mchezo wenyewe utachezwa kwa Kiswahili.

Ngano za watoto wadogo: Golden Sky Stories

Mchezo huu umetoka Japani, kazi ya Ryo Kamiya, ulichapishwa huko mwaka 2006, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 2013. Wachezaji ni wanyama wa kijiji kimoja, kama mbweha, paka, mbwa, sungura na ndege, wanaoweza kujigeuza watu kwa muda. Kazi yao ni kusaidia. Mtoto amepotea, marafiki wawili wamegombana, bibi kizee hana wa kumbebea mzigo. Hakuna adui wa kuuawa.

Hakuna dadu. Kila mhusika ana akiba ya alama, na huzitumia anapotaka kufanya jambo gumu. Kinachotuvutia zaidi ni namna alama nyingine zinavyopatikana: mchezaji akisema au akitenda jambo la upole au la kuchekesha, wenzake mezani humpa alama, nazo hukuza uhusiano kati ya wahusika. Mtoto hujifunza kuangalia wema wa mwenzake ili amtunze, na mkubwa aliyezoea kumkosoa mdogo wake hujikuta anatafuta sababu ya kumpa.

Kwa kuwa kijiji ni cha Kijapani, mzazi anaweza kukihamishia anapopajua: mtaa wa minazi, soko la samaki, kibanda cha muuza kahawa. Badala ya mbweha awepo komba, na hakuna kitakachoharibika.

Jamii na uongozi: The Quiet Year

Huu ni wa Avery Alder, na ulitoka mwaka 2013. Wachezaji wawili hadi wanne huchora pamoja ramani ya kijiji kilichotoka vitani na kupata mwaka mmoja wa utulivu. Kila wiki ya mwaka huo hufunuliwa karata moja katika 52, na karata huuliza swali: mmegundua nini? Nani ameondoka? Chakula gani kimeadimika? Mchezaji wa zamu hujibu, kisha huchagua moja kati ya matatu: kugundua jambo jipya, kuanzisha mradi, au kuitisha mjadala.

Kanuni ya mjadala ndiyo iliyotufurahisha. Kila mtu huruhusiwa kusema mara moja tu, kwa sentensi moja au mbili, na mwishoni hakuna azimio linalopitishwa. Mtu akiona kijiji kimefanya jambo bila ya kumshauri, huchukua kokoto moja na kuiweka mbele yake, iwe alama ya kinyongo. Kokoto hubaki hapo, kila mmoja akiiona. Sisi tunaoandika kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti hatukuhitaji kuelezwa maana yake. Tumewaona watu wakiondoka kikaoni na kokoto zao mifukoni, na miezi mingi baadaye mradi wa kisima ukakwama kwa sababu ambayo haimo katika ajenda. Kijana wa miaka 15 aliyeucheza mchezo huu ataelewa kwa nini shura inahitaji masikio kabla ya kura.

Wasiopenda karata nyumbani waandike maswali 52 katika vijikaratasi, wakiyagawa kwa misimu minne. Kitabu pia hutumia dadu kuhesabu wiki zilizobakia katika mradi. Hazirushwi, hivyo mbegu za bao zitafanya kazi hiyo hiyo.

Historia na mambo ya anga: Microscope

Ben Robbins aliutoa mchezo huu mwaka 2011. Hauna dadu wala msimulizi. Wachezaji hutunga historia nzima ya taifa, mji, au safari ya binadamu katika nyota, kwa kuandika katika kadi na kuzipanga mezani. Huanza kwa kuweka mwanzo na mwisho, kisha hujaza katikati kwa utaratibu wowote. Unaweza kuongeza zama nzima, tukio ndani ya zama, au kisa kimoja kinachoigizwa ili kujibu swali. Mji ukishateketea miaka 300 mbele, bado unaweza kurudi nyuma kuonyesha jinsi ulivyojengwa.

Kanuni zake mbili zinatufaa kwa namna ya pekee. Ya kwanza: kabla ya kuanza, wachezaji huandika orodha mbili, ya mambo yatakayokuwamo na ya mambo yasiyoruhusiwa. Familia inayotaka historia isiyo na wachawi wala miungu ya kubuni huyaandika hayo katika orodha ya pili, na mazungumzo yamekwisha. Ya pili: zamu ikiwa yako, uamuzi ni wako peke yako. Wengine hawaruhusiwi kukupendekezea wala kukusahihisha. Binti wa miaka 10 akisema kuwa mfalme aliisalimisha bandari kwa sababu alikuwa amechoka, basi amechoka, na baba yake mwenye shahada ya historia atajenga juu ya neno hilo. Ni nyumba chache ambamo neno la mtoto hupewa uzito wa namna hiyo japo kwa saa mbili.

Kwa familia za pwani tunapendekeza historia ya mji wa bandari wa kubuni, tangu jahazi la kwanza lilipotia nanga hadi siku msikiti wake ulipobaki magofu katikati ya mikoko. Watoto waliozuru Kilwa Kisiwani au Gedi watakuwa na mengi ya kuandika.

Posa, barua na heshima ya nyumba: Good Society

Mchezo huu ulitolewa na Storybrewers wa Australia mwaka 2018. Unafuata ulimwengu wa riwaya za Jane Austen, Uingereza ya miaka 200 iliyopita: nyumba zenye jina na zisizo na fedha, mabinti wanaosubiri posa, mashangazi wenye maneno. Hauna dadu. Mchezaji huwa na kete chache, naye anapotaka jambo la mhusika wa mwingine humwekea kete moja na kumwomba ridhaa. Mwingine hukubali, hukataa, au hutaka masharti yabadilishwe.

Mchezo huenda kwa duru. Baada ya matukio huja hesabu ya heshima: nani amepanda na nani ameshuka machoni pa watu. Kisha huja uvumi, na wachezaji huutunga na kuueneza. Kisha kila mmoja huandika barua kwa jina la mhusika wake na kuisoma kwa sauti. Sijui ni nani, kati ya akina mama wa miji yetu, atakayehitaji kufundishwa hatua ya uvumi. Lakini hatua inayofuata, pale uvumi wa kutunga unapomwangukia mhusika uliyekwisha kumpenda, inafundisha juu ya kusengenya kuliko mawaidha mengi. Tunaupendekeza kwa mabinti wakubwa, mama zao na shangazi zao wakiwa pamoja.

Mashaka na vitisho: Dread

Wasomaji wanaujua mnara wa vipande vya mbao uitwao Jenga, lakini huenda hawajui kuwa jina hilo ni Kiswahili chetu. Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, alilichukua kutoka katika neno "kujenga" alipoupeleka mchezo wake katika maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini London mwaka 1983. Mnara una vipande 54, vitatu katika kila safu.

Mwaka 2005 Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore walitoa Dread, mchezo wa hadithi za kutisha ambao badala ya dadu hutumia mnara huo. Mhusika akitaka kufanya jambo gumu, mchezaji huvuta kipande na kukiweka juu. Akifaulu, mhusika amefaulu. Akikataa kuvuta, mhusika ameshindwa lakini yu salama. Mnara ukianguka, mhusika wake ametoka katika hadithi, na huo ndio mwisho wake. Kadiri saa zinavyokwenda mnara hulegea, na vyumba vyenye kelele huwa kimya hata ukasikia feni. Hapana bahati nasibu. Kuna utulivu wa mkono na hesabu ya hatari.

Kuna kanuni moja tunayoipenda. Mchezaji anaweza kuuangusha mnara kwa makusudi, mhusika wake akatenda jambo kubwa na kujitoa kwa ajili ya wenzake. Tumemwona kijana mkimya akinyoosha mkono na kuusukuma ili mdogo wake abaki katika hadithi.

Vitabu vya vitisho vina majini na maiti zinazotembea. Hatuvipendekezi kwa watoto, na hata kwa wakubwa mashaka hayahitaji majini: jahazi usiku wa kusi, wachimba madini waliofukiwa mgodini, familia iliyozingirwa na mafuriko. Umri tunaoushauri ni miaka 15 na zaidi.

Na ile yenye dadu?

Haitakuwa haki kunyamaza juu ya michezo iliyo mashuhuri zaidi, maana vijana wataisikia kwa wenzao. Kwa Dungeons & Dragons, kanuni za msingi hutolewa bure na kampuni inayoumiliki, hivyo mzazi anaweza kuzisoma kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ndani yake atakuta ushujaa na urafiki, na pia wachawi, mapigano mengi na miungu ya kubuni.

Traveller, wa Marc Miller, uliotoka mwaka 1977, ni wa mambo ya anga, na dadu zake ni mbili. Wachezaji mara nyingi ni wafanyabiashara wenye chombo cha angani kilichonunuliwa kwa mkopo wa benki. Katika kanuni zake za awali, mnunuzi hutanguliza asilimia 20 ya bei, kisha kila mwezi hulipa sehemu moja ya 240 ya bei hiyo kwa miezi 480. Mpeni kijana kalamu apige hesabu: mwishoni amelipa asilimia 220. Wahusika huchukua mizigo ya haramu na kazi za aibu kwa sababu tarehe ya malipo imefika. Hatujaona mfano ulio wazi zaidi wa kumwonyesha kijana jinsi riba inavyomshika mtu shingo, hata kwa familia itakayosoma sura hiyo tu bila kucheza.

Call of Cthulhu, wa Sandy Petersen, ulitoka mwaka 1981, nao ni wa upelelezi na vitisho: watu wa kawaida wanachunguza siri za vikundi vinavyoabudu viumbe wa kutisha, na taratibu wanapoteza akili zao. Mkasa wake mashuhuri, Masks of Nyarlathotep wa mwaka 1984, huwapeleka wachezaji New York, London, Cairo, kisha Kenya ya mwaka 1925, ambako wanakuta kikundi cha ibada ya damu kikiwasubiri milimani. Hatuupendekezi kwa watoto. Lakini tunautaja kwa sababu unatukumbusha jambo: nchi yetu imo katika meza za watu wa mbali, ikiwa pori lenye siri ya kutisha. Asiyetunga hadithi zake atazikuta zimetungwa na wengine.

Mikasa mitatu ya kuanzia

Kwa hiyo tunapendekeza pia mikasa ya nyumbani, isiyohitaji kununua kitabu. Mzazi awe msimulizi, kila mtoto apewe mhusika mwenye jina, kazi moja anayoijua vizuri, na jambo moja analoliogopa. Jambo likiwa gumu, mhusika alifanikishe kwa kutoa kete moja kati ya tano alizopewa mwanzoni. Kete zikimalizika, asaidiwe na mwenzake.

Wa kwanza ni mkasa wa jahazi tuliouanza hapo juu, wenye magunia ya amana, mzee mgonjwa na ufa unaopanuka.

Wa pili ni wa kisima. Kisima cha mtaa kimekauka ghafla. Wengine wanamshuku jirani mgeni aliyechimba kisima chake wiki iliyopita, wengine wanasema ni mizizi ya mkuyu, na fundi aliyelipwa kukisafisha hataki kuonekana. Wahusika wanatakiwa kujua ukweli kabla ya swala ya Ijumaa, kwa kuwa maneno yamekwisha kuwa makali. Msimulizi asiamue mapema aliye na kosa. Asikilize watoto wanavyouliza.

Wa tatu ni wa barua. Msafara unapeleka barua iliyofungwa kwa kadhi wa mji wa mbali, katika kesi ya mirathi ya yatima. Njiani tajiri mmoja anatoa fedha nyingi ili barua ifunguliwe na kusomwa tu, kisha ifungwe tena. Mmoja wa wasafiri ana mtoto mgonjwa, na dawa ni ghali.

Adabu za meza

Tunamalizia kwa mambo machache ya utaratibu. Simu zikusanywe katika bakuli moja, za wazazi pia. Fedha isiingie mezani kwa namna yoyote, hata shilingi ya mzaha. Adhana ikisikika, hadithi iachwe pale ilipofika, itangoja. Mchezo wa kwanza usizidi saa moja na nusu.

Iwekwe katikati karatasi yenye alama ya X, utaratibu uliobuniwa na John Stavropoulos. Yeyote akiona hadithi imegusa jambo linalomuumiza, huigusa karatasi, na jambo hilo huondolewa bila ya kuulizwa sababu. Mtoto aliyefiwa hatakiwi kueleza kwa nini hataki kusikia juu ya kaburi.

La mwisho ni gumu kwetu wazazi: tusiwachezee watoto. Akichagua vibaya, tumwache hadithi imfundishe. Akifungua barua ya kadhi na kuchukua fedha za tajiri, tusikemee. Tumuulize kwa upole, "Umefika kwa kadhi. Anaishika barua na kuitazama ile lakiri. Unamwambia nini?" Kisha tunyamaze, tumpe nafasi ya kujibu.

Wiki ijayo, inshallah, tutajibu maswali ya wasomaji kuhusu mkasa wa kisima. Watakaoucheza watuandikie nani alikutwa na kosa nyumbani kwao, maana hatutarajii nyumba mbili kutoa jibu moja.

Wabillahi tawfiq.